Mashine Iliyochambua Mchele Wangu

Mkono wangu wa kulia haujapata kushika kalamu, lakini umeshika mchele kwa zaidi ya miaka arobaini. Nalisema hili mwanzoni ili asomaye ajue ni mkono wa namna gani unaotoa ushuhuda huu. Anayeandika ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu, nami nimemwagiza aandike nilivyosema na asitie sukari.

Kazi yangu ni kuchambua mchele. Katika mtaa mmoja wa Kariakoo lipo duka la nafaka za jumla, na mbele ya duka hilo ipo baraza ya saruji tunapokaa wanawake watano, kila mmoja na ungo wake. Magunia hushuka kutoka Kyela, Ifakara na Shinyanga yakiwa na vumbi, makapi na changarawe. Sisi hupepeta, kisha huchambua kwa vidole, na mchele unaotoka mikononi mwetu ndio unaonunuliwa na wapishi wa shughuli, wale wanaopika pilau ya harusi katika masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Mpishi wa shughuli hana pa kujificha. Mgeni mmoja akiuma jiwe, harusi nzima husahaulika, jiwe likakumbukwa. Ndiyo sababu wapishi hao wakifika dukani huuliza kwanza, "Huu umepita kwa bibi?" Wakiambiwa haukupita, huondoka.

Mimi ndiye mkubwa wa baraza. Mwenye duka, mtu wa Kilimanjaro ambaye mtaa mzima humwita Mangi, hajapata kumpokea mchambuzi nisiyemkubali. Nami simkubali mtu kwa maneno. Humwekea ungoni konzi mbili za mchele niliousafisha mwenyewe, ambamo nimeficha mawe manane: mawili meusi, ambayo hata mtoto angeyaona, matatu ya rangi ya udongo, mawili ya kijivu, na moja jeupe, jembamba kama punje, lisilotofautiana na mchele ila kwa jinsi linavyoshika mwanga. Humwambia anitolee mawe bila kuvunja punje. Wengi hutoa saba. Anayetoa saba humwambia arudi mwezi ujao.

Palikuwa na sheria nyingine pale barazani, nayo niliitunga mimi. Tangu tunapokaa asubuhi hadi gunia liishe, hakuna kunywa maji. Choo kiko ng'ambo ya barabara, nyuma ya maduka ya vitenge, na kukifikia ni kupenya kati ya mikokoteni na pikipiki na watu waliojitwika marobota. Anayeinuka mara moja huinuka mara tatu, na jicho lililokatizwa halirudi mahali lilipoachia. Niliihesabu sheria hiyo kuwa ni adabu ya kazi. Msichana aliyekuja na chupa ya maji nilimwambia aiache ndani kwa Mangi mpaka jioni. Nilijivuna kwamba ningeweza kumaliza gunia ulimi ukiwa mkavu kama gunia lenyewe, na waliolalamika kiu niliwaona ni watu legelege.

Maumivu yalianza ubavu wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, kwa nyuma. Yalikuwa yakija, yakinikunja, kisha yakiondoka kama hayakuwapo. Nilisema ni mgongo. Mtu aliyekaa chini miaka arobaini haulizwi kwa nini mgongo unamuuma. Nikachua mafuta ya karafuu, nikafunga kanga kiunoni, nikaendelea. Kisha mkojo ukaanza kubadilika rangi, ukawa kama maji ya ukwaju, na siku nyingine mwekundu kuliko hayo.

Huyu anayeandika ndiye aliyeona. Tunaishi pamoja katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, Mchafukoge, na katika vyumba viwili hakuna siri inayodumu. Nilimwambia sijampa mtu ruhusa ya kunipeleka kwa daktari.

Akanijibu, "Bibi, sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja na bajaji, ipo chini inangoja."

Kwenye zahanati walinipaka ute wa baridi ubavuni, wakanipitishia kidude kinachotazama ndani ya mwili, na mganga aliyekishika akasema, bila kuniangalia usoni, "Bibi, una jiwe kwenye figo ya kushoto. Tena kubwa. Nenda hospitali kubwa wakalitoe."

Ni lazima nieleze jinsi nilivyolipokea neno hilo, maana hapo ndipo lilipo kosa langu. Mtu mwingine angesikia habari ya ugonjwa. Mimi nilisikia mashtaka. Miaka yote hiyo nilikuwa nikila mchele nilioutakasa kwa vidole vyangu. Ikiwa ndani ya mwili wangu mna jiwe, basi limepita mkononi mwangu, nikalipika, nikalimeza. Na ikiwa limepita kwangu, limepita pia kwa maharusi na kwa wafiwa waliopikiwa mchele wangu. Niliona wazi jinsi habari itakavyotembea mtaani: yule bibi wa mchele safi amekutwa na jiwe tumboni. Nani angeuliza tena kama mchele umepita kwa bibi?

Tulipofika chini ya ngazi nilimshika mjukuu wangu mkono nikamwapisha asimwambie mtu.

"Bibi, mawe ya figo hayatoki kwenye mchele," akasema.

"Umesoma vitabu," nikamwambia. "Mchele hujausoma."

Nikaficha ugonjwa miezi minane. Katika miezi hiyo nilichambua kila ungo mara mbili, nikaamka mapema zaidi, na kwa kuwa nilitaka jicho lisikatizwe hata kidogo, nikapunguza maji hata ya nyumbani asubuhi. Maumivu yakija nilishika ukingo wa ungo mpaka yapite. Mangi aliona gunia haliishi.

"Mama, siku hizi gunia likifika kwako linalala kama mgonjwa wa wodini," akasema.

"Wewe uza. Kuchambua niachie mimi," nikamjibu, naye akarudi kwenye mizani yake, kwa kuwa ni mtu anayejua mipaka.

Siku moja kabla ya adhuhuri mwili ulianza kutetemeka. Joto la Dar es Salaam lilikuwa limeshika mtaa mzima, nami nilikuwa nikitetemeka kwa baridi. Nikaona punje zikihama mahali zilipokuwa. Kisha ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika barazani mpaka barabarani, na jambo la mwisho ninalolikumbuka ni sauti ya mwenzangu anayekaa kulia kwangu, mjane wa kutoka Lindi, akisema polepole, kana kwamba ameona mnara wa msikiti ukianguka, "Ungo wa bi mkubwa umemwagika."

Mangi alinipakia katika kirikuu chake, kile kigari kidogo cha kubebea mizigo, nikalazwa juu ya magunia matupu. Njia nzima alikuwa akipiga honi na kuzungumza ili nisilale. "Mama, nimebeba mzigo tangu ujana wangu. Sijapata kubeba gunia linalonikatalia kona." Ni kweli nilikuwa nikimkatalia kona. Alikuwa akipita njia ndefu.

Katika hospitali kubwa walinitundikia dawa ya mshipani siku nne, mpaka homa ikashuka. Siku ya tano akaja daktari wa upasuaji, mtu wa makamo, mfupi, mwenye kupiga hatua za haraka. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, akavuta kiti akaketi. Hilo nililipenda. Wengi walizungumza nami wakiwa wamesimama.

Alinieleza bila kunificha. Jiwe lilikuwa limeota ndani ya figo na kujigawa matawi, likijaza kila chumba cha figo kama tangawizi inavyojaza kifuko chake cha udongo. Usaha ulikuwa umekusanyika nyuma yake. Figo hiyo ya kushoto ilikuwa inakufa, na ya kulia nayo, kwa kipimo walichochukua, ilikuwa imeanza kuchoka. "Nikiikosa hii ya kushoto, Bibi, utabaki na moja iliyochoka. Na hiyo ikisimama, utakuwa mtu wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu kila juma, maisha yote."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kupasua ubavu kwa kisu, jeraha refu, damu nyingi kwa mtu wa umri wangu. Ya pili ilikuwa ngeni. Hospitali ilikuwa imepokea karibuni mashine ya upasuaji yenye mikono minne. Wangenitoboa vitundu vidogo, mikono ile ingeingia, na yeye angeiendesha akiwa ameketi pembeni.

"Pembeni wapi?" nikauliza.

"Hatua kama nne kutoka kitandani kwako."

"Yaani unipasue nawe hunishiki?"

Akatabasamu. Akauliza kabila langu. Nikamwambia mimi ni Mzaramo wa Maneromango. Akageuka kwa mjukuu wangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. "Mimi Mnyamwezi. Kumbe nimepata mtani. Haya, babu zangu walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani kwenu, mkawacheka. Leo nimefuata mzigo mmoja tu uliosalia, na mwenyewe anaukumbatia."

Utani wa makabila yetu si mchezo wa watoto. Mtani anaweza kukuzuia usiingie msibani kwako mwenyewe, akakusema mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Nilikuwa nimelala pale na mirija mwilini, na bado nilijiona nina wajibu wa kujibu. Nikamwambia, "Mnyamwezi hapewi mzigo mpaka apimwe mabega. Nyosha mikono."

Akainyosha. Nikaitazama kwa muda mrefu, kama ninavyoitazama mikono ya kila anayekuja barazani. Ilikuwa mikono mizuri, lakini vidole vilikuwa na mtetemo mdogo mno, ule ulio katika kila kidole cha binadamu.

"Inatetemeka," nikasema.

"Kweli. Ndiyo maana napenda ile mashine. Yenyewe huchuja mtetemo kama chekeche linavyochuja makapi. Mkono wangu ukienda na mtetemo wake, kule ndani hufika mwendo tu."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, na mimi simkubali mtu kwa maneno. Nikamwambia kwamba katika kazi yangu hakuna anayegusa gunia kabla hajachambua konzi mbili mbele yangu. Kama mashine yake ina vidole, ichambue. Mjukuu wangu aliinamisha uso kwa aibu. Najua kwa sababu nilimwona, na sasa aandike kwamba nilimwona.

Daktari hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kila Alhamisi mchana hufanya mazoezi na mashine hiyo, wakiokota shanga na kushona vipande vya mpira, na kwamba hakuona kwa nini shanga zisiwe mchele. "Lakini Bibi, nikifaulu, unalala kitandani bila kunisumbua."

"Ukifaulu, nitakaa kimya kama gunia."

Mjukuu alikwenda Kariakoo akaniletea mchele wa gunia langu mwenyewe, niliokuwa nimekwisha kuuchambua mara mbili kabla sijaanguka. Mawe manane niliyahifadhi siku zote katika kikopo cha dawa ya meno, naye akakileta. Niliyachanganya mimi mwenyewe kitandani, chini ya shuka, mtu asione.

Alhamisi hiyo walinivika kofia na joho la kijani, wakanisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha mazoezi. Mashine ilikuwa ndefu kuliko mlango, nyeupe, imefunikwa plastiki, mikono yake imekunjwa kama miguu ya buibui aliyepumzika. Mchele wangu uliwekwa katika sahani ya chuma chini yake. Daktari akaketi kwenye kiti chake, mbali na sahani, akaingiza uso katika tundu la kutazamia na vidole katika vipete viwili. Ukutani palikuwa na kioo kama cha televisheni, na ndani yake punje zangu zilionekana kubwa kama ndizi. Sikuwa nimepata kuona mchele hivyo. Nilikuwa nimeushika maisha yangu yote na sikujua kwamba punje ina mifereji.

Kisha mikono ile ikashuka. Kila mmoja ulikuwa na mdomo mdogo mwishoni, kama mdomo wa chiriku, nao ulifunguka na kufunga, ukageuka huku na huku, ukazunguka jinsi kifundo cha mkono wa mtu kisivyoweza kuzunguka. Ulisogeza punje moja pembeni bila kuirusha. Ukainua jiwe jeusi la kwanza ukaliweka katika kikombe, nami nikasikia mlio wake, kii, mdogo sana. La pili. Yale ya udongo. Sikuwa natazama mawe tena. Nilikuwa natazama adabu. Mikono ile haikunyakua. Ilifika, ikagusa, ikajiridhisha, ndipo ikashika. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wasichana miezi mitatu, na wengi hawajifunzi. Lile jeupe lilipofikiwa, mdomo ulisimama juu yake, ukaligeuza upande mmoja, ukaligeuza wa pili, ukaliinua.

Daktari alitoa uso kwenye tundu. "Bibi, uliweka mangapi?"

"Hesabu wewe."

"Tisa."

"Ni manane," nikasema. "Rudia."

Wakaniletea kikombe. Nikayamwaga katika kiganja, nikayajua moja baada ya moja, kama mtu anavyowajua wanawe: mawili, matatu, mawili, na lile jeupe. La tisa lilikuwa geni. Jeupe pia, dogo kuliko nusu punje. Nikaliweka kati ya meno ya mbele nikalibana. Halikuvunjika. Punje huvunjika. Jiwe husaga jino.

Lilikuwa limepita mkononi mwangu mara mbili.

Mtani wangu alikuwa na haki ya kunicheka hadi Tabora. Badala yake alisema mashine ile hukuza kitu mara nyingi, na kwamba kwa macho yake matupu asingetoa zaidi ya sita. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuzungumza, na maneno niliyoyafungia miezi minane yakatoka mbele ya watu wote waliokuwa chumbani. Nikamwambia kwamba sasa nina hakika. Kama hili limepita, mengine yalipita, na ndiyo yaliyokusanyika katika figo yangu. Na kwa hiyo anachokwenda kukitoa ni uzembe wangu mwenyewe.

Alivua vipete, akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu.

"Bibi, jiwe ulilomeza lilitoka siku ya pili na chakula. Figo haina mlango wa mchele. Nikuulize: nyumbani una birika?"

"Ninalo."

"Maji ya nyumba yenu ni ya bomba au ya kisima?"

"Ya kisima. Yana chumvi."

"Ndani ya birika, chini, pana nini?"

Pana ukoko mweupe, mgumu, ambao siku hizi hautoki hata kwa siki. Nilimwambia hivyo.

"Nani aliuweka?"

Niliyatazama mawe kiganjani mwangu.

"Hakuna aliyeuweka. Maji yanapungua, chumvi inabaki, inashikamana. Figo yako imefanya hivyo hivyo. Mwili wenyewe umelijenga hilo jiwe, kidogo kidogo, kwa kukosa maji. Kwa siku unakunywa kiasi gani?"

Nikamweleza sheria ya baraza. Nilikuwa nimezoea kuieleza kwa kichwa kilichoinuka. Mara ile niliisikia kwa masikio ya mtu mwingine. Alipouliza wengine wanne wanakunywa kiasi gani, nikasema wanafuata sheria yangu, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Mikono yangu ilikuwa haina hatia. Kichwa changu ndicho kilichokuwa na hatia, na huenda kilikuwa kimewaponza na wengine.

"Nitolee hilo jiwe," nikasema. "Nina kazi ya kurekebisha."

Waliniletea karatasi ya ridhaa. Mimi hutia dole gumba, lakini mchele umekula mistari ya vidole vyangu miaka mingi, na alama iliyotoka kwenye karatasi ilikuwa doa laini la wino, kama la mtu asiye na dole. Muuguzi akataka nirudie. Daktari akamwambia aiache, kwamba kwa alama ile angemtambua bibi huyu kati ya watu wote wa mjini.

Kabla ya kunilaza nilimuuliza lililobaki. Kama mikono ile ikikosea, je? Akasema angefungua kwa kisu. Na kama damu ingekataa kusimama, angeitoa figo ili aniokoe mimi. Hakupamba. Nilimshukuru kwa hilo.

Upasuaji wenyewe siujui ila kwa kusimuliwa. Walinilaza kwa ubavu wa kulia, wakanipa usingizi wa dawa, wakanijaza hewa tumboni ili wapate nafasi ya kufanyia kazi. Mikono ikaingia kwa vitundu vinne, cha tano kikiwa cha vyombo vya msaidizi. Ikasogeza matumbo kando, ikaifikia figo, ikaipasua mahali penye ngozi nyembamba, ikalichomoa jiwe polepole, tawi baada ya tawi, kama mtu anayeng'oa tangawizi asitake kuivunja. Kisha ikashona kwa uzi ambao mjukuu wangu aliambiwa ni mwembamba kama unywele. Saa nne walikaa. Mjukuu alikaa nje saa hizo nne pamoja na Mangi, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifunga duka siku ya kazi.

Nilipoamka nilijipapasa. Nilitegemea jeraha la kisu kutoka mbavu hadi nyonga. Nikakuta plasta tano, kila moja imefunika kitundu kisichozidi ukucha wangu wa gumba. Siku ya pili nilitembea mpaka dirishani. Siku ya tatu nikarudi nyumbani, na ngazi za ghorofa tatu nikazipanda mwenyewe, kwa kupumzika.

Daktari alinipa jiwe ndani ya kichupa. Lilikuwa la rangi ya mchanga, lenye matawi, kwa hakika mfano wa kipande cha tangawizi kavu. Lakini hakuniambia figo imepona. Ndani aliacha mpira mwembamba wa kupitishia mkojo, nao ungetolewa baada ya wiki sita, ndipo kipimo kingeonyesha kama figo imeamka au imekufa. Wiki hizo sita mjukuu wangu alinitawala. Aliweka jagi mezani, akalitia alama kwa rangi ya kucha, na kila saa alikuja kutazama maji yamefika wapi.

"Umenifundisha mwenyewe kwamba sheria haina huruma, Bibi," akasema. "Kunywa."

Nilikunywa. Kwa mtu aliyejisifia kiu maisha yake yote, kila kikombe kilikuwa kama kumeza maneno yangu.

Siku ya kipimo nilikaa mbele ya daktari nikamtazama mikono, si uso. Uso wa daktari hujua kuficha. Mikono iliiweka picha mezani taratibu, ikanyoosha kona yake, ikatulia.

"Inafanya kazi," akasema. "Si ya msichana tena, lakini inafanya kazi. Na ile ya kulia imepata msaidizi. Mzigo nimeutua, mtani. Usiniokotee mwingine."

Nikamwambia kwamba katika miaka yangu barazani nimewapima watu wengi, na waliotoa manane nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyetoa tisa ni yeye peke yake. Nikamwambia pia kwamba mashine ile imefundishwa na mtu aliyelelewa vizuri. Sikuwa na sifa kubwa kuliko hiyo, na nadhani aliielewa.

Kesho yake nilikwenda Kariakoo. Niliwakuta wanne wamekaa, ungo wangu umeegemezwa ukutani, umefutwa vumbi. Sikukaa. Niliweka kichupa barazani na jagi la maji kando yake, nikawaeleza yote: jiwe, aibu yangu, birika, na sheria ambayo niliwafunga nayo. Nikasema sheria imekwisha. Nikasema pia, na hili si neno ninalolitumia mara kwa mara, kwamba wanisamehe. Na kila mmoja aende kupimwa, nami niliyewanyima maji miaka yote hiyo nitawapeleka mwenyewe.

Walitazamana. Msichana, yule wa chupa, akaanza kuchezea upindo wa kanga yake. Hatimaye mjane wa Lindi akakohoa.

"Bi mkubwa, usijitie mzigo usio wako. Unakumbuka ninavyoingia ndani kila mara kumuuliza Mangi kama gunia jipya limefika?"

"Nakumbuka. Una haraka ya kazi."

"Haraka ya kazi gani? Mtungi uko nyuma ya magunia ya maharage. Mwaka wa kumi na tano huu ninakunywa."

"Na mimi," akasema mwingine.

"Na choo?" nikauliza.

"Ulikuwa ukienda kuswali adhuhuri, sisi tunavuka kwa zamu. Mangi anatushikia nyungo."

Mangi, mlangoni mwake, alikuwa ameshughulika ghafla na mizani ambayo haikuwa na kitu.

Basi sheria ile niliitunga kwa watu watano na nikaifuata peke yangu. Jicho lililojisifu kuona jiwe jeupe ndani ya mchele mweupe halikuwaona wanawake wanne na mwanamume mmoja mbele ya pua yake. Nilisimama pale nisijue kama nikasirike. Kisha nikaona kwamba udanganyifu wao ndio uliolinda figo zao dhidi yangu, nami nikashukuru kimoyomoyo, ingawa niliwakunjia uso.

Nikaketi. Nikauvuta ungo magotini, nikapepeta, nikaanza kuchambua, na nikanywa kikombe cha kwanza mbele yao. Gunia lilipofika nusu, mwili ukadai haki yake. Kwa miaka arobaini ningengoja. Niliuweka ungo chini na mchele wake ambao haujamalizika, nikasimama, nikasogea ukingoni mwa barabara. Mangi akatoka dukani, akanyosha mkono akausimamisha mkokoteni wa viazi, akamwambia mwenye mkokoteni, "Ngoja. Mama anavuka."